Sikio la Kufa na Dawa Yake

Kisunzi kilinikuta mara ya kwanza ubaoni. Ilikuwa Machi 2021, kipindi cha nne, kidato cha tatu, tukiwa katikati ya ngeli za nomino. Nilikuwa nimefika nusu ya sentensi nilipoona mwandiko wangu unapanda juu. Nikafuta, nikaandika upya, ukapanda tena. Halafu ubao wote ukaanza kukimbia kuelekea kulia, ukifika ukingoni unarudi ulikotoka na kukimbia upya, bila kupumzika. Nikaukamata kwa mikono miwili. Nakumbuka vumbi la chaki lilivyojaa kwenye kucha, na ubaridi wa ukuta mgongoni nilipojikuta nimekaa sakafuni. Kila nikifumbua macho, darasa linazunguka. Nikiyafumba, nazunguka mimi. Nikatapika kwenye ndoo ya kufutia ubao.

Msichana wa dawati la mbele alimnong'oneza mwenzake: "Mwalimu kapandisha."

Nilimsikia vizuri, kwa sababu alikuwa upande wangu wa kushoto. Angekuwa kulia nisingemsikia. Sikio langu la kulia halisikii chochote tangu nina miaka 7.

Jambo hilo nililibeba kama watu wanavyobeba kovu la zamani. Sikulifikiria. Katika miezi ya mateso iliyofuata sikumtajia mtu yeyote aliyenitibu, wala hakuna aliyeniuliza. Ndiyo sababu naandika makala hii ndefu, na naomba usome hata kama masikio yako ni mazima, maana huenda mama yako, au fundi wako wa cherehani, au huyo mwenzako ofisini anayekugeuzia upande mmoja kila ukimsemesha, analo sikio lililokufa zamani na hajui kwamba sikio hilo laweza kumrudia.

Kisunzi kile kilidumu kama saa 3. Jioni nilitembea kama mtu aliyeshuka jahazini baada ya siku nyingi za kusi, nchi haijatulia chini ya miguu. Kesho yake nilikuwa mzima. Baada ya wiki 2 kikarudi, safari hii jikoni, nikiwa na sufuria ya mchele mkononi. Hadi Julai vilikuwa vimenipiga mara 6.

Zahanati walinipima malaria. Kipimo hakikuona mdudu, ila niliambiwa nimeze dawa ya mseto kwa tahadhari, nikameza. Duka la dawa walinipima presha, ikawa ya kawaida, wakasema basi itakuwa ya kushuka, ninywe soda. Daktari mmoja aliniuliza kama nyumbani kuna amani, akaandika kwamba nina mawazo. Mwingine alisema ni umri, hedhi inakaribia kukatika. Shangazi yangu alikuja na kombe, maandishi ya zafarani yamekoshwa kwa maji ya waridi, nami nikanywa mpaka tone la mwisho. Sikulidharau wala silidharau leo. Lilikuwa limeletwa na mtu aliyepanda magari mawili kuja kuniona. Lakini kisunzi hakikwenda. Kilichokwenda ni ujasiri wangu. Niliacha kupanda bodaboda, nikaacha kuoga nimesimama, nikaacha kumbeba mtoto wa mdogo wangu. Shuleni nilifundisha nimekaa kitini, mkono mmoja umeshika meza.

Aliyeliona tatizo ni daktari wa masikio, pua na koo, Dar es Salaam, ambaye nilimfikia baada ya kupewa rufaa ya tatu. Alianza na maswali. Kisunzi kinakaa muda gani? Dakika, au saa? Kinakuja ukigeuka kitandani tu, au hata umetulia? (Swali hili lina uzito. Kile cha sekunde chache mtu anapojigeuza kitandani ni ugonjwa mwingine kabisa, na mara nyingi hutibiwa kwa kugeuzwa kichwa kwa utaratibu maalumu, papo hapo kliniki.) Kisha akagonga kwenye goti lake kile chuma chenye umbo la uma, akakiweka katikati ya paji langu la uso.

"Mlio uko wapi, mwalimu?"

"Kushoto."

Akakileta kwenye sikio la kulia. Kimya. Akanitazama.

"Hili vipi?"

"Hilo halina neno, daktari. Hilo lilishakufa zamani."

Akaweka kalamu mezani. "Lilikufa lini?"

Swali hilo sikuweza kulijibu vizuri. Nilitoka nje nikampigia simu Mama, Tanga. Mama ana miaka 70 na kitu, anasahau miwani yake kichwani, lakini alijibu kabla sijamaliza. "Mwaka 87, mwanangu. Baada ya matumbwitumbwi. Mfungo sita."

Kadiri alivyoendelea kusema, yakanirudia. Mashavu yamevimba mpaka macho yanafinyika. Bibi akinipaka masizi ya sufuria mashavuni, kulia na kushoto, kwa kidole gumba, huku ndugu zangu wakikatazwa kunicheka wasije wakayapata wao. Homa siku 4 au 5. Kisha usiku mmoja nikaamka nyumba inazunguka, nikatapika mpaka asubuhi. Bibi alisema ni nyongo.

Nilipopona hakuna aliyejua kitu. Mtoto mwenye sikio moja anasikia, anajibu, anacheza. Aliyegundua ni mjomba wangu, aliyekuwa na saa ya mkono ya kutia ufunguo, akipenda kutuwekea masikioni tusikilize inavyotembea. Aliniwekea kushoto, nikacheka. Akaniwekea kulia.

"Imesimama, mjomba," nikamwambia.

Akaitazama. Akaniwekea tena kushoto, tena kulia. Nikamwambia tena imesimama. Aliivua ile saa akaitia mfukoni, na tangu siku ile hakuwahi kuniwekea saa sikioni.

Daktari alisikiliza yote haya bila kuandika. Kisha akachukua karatasi akanichorea sikio la ndani. Nitajaribu kulieleza kama alivyonieleza, na kama nilivyosoma baadaye, kwa sababu nikishakielewa kitu hofu yake hunipungua.

Ndani kabisa, kwenye mfupa mgumu nyuma ya kiwambo cha sikio, kuna vyombo viwili vilivyoungana. Kimoja kina umbo la konokono, kimejizungusha mara mbili na nusu. Hicho ndicho cha kusikia, na kina chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Cha pili ni mifereji mitatu ya nusu duara pamoja na vifuko viwili. Hicho ni cha mizani, kinauambia ubongo kichwa kiko wapi na kinageukia wapi. Vyombo hivi viwili vinashirikiana maji. Ni maji ya aina mbili, yametengwa na utando mwembamba mno. Ya nje yanafanana na maji mengine ya mwili, yana sodiamu nyingi. Ya ndani, yaitwayo endolimfu, yana potasiamu nyingi. Endolimfu hutengenezwa muda wote, na muda wote huondolewa. Kuna kifuko kidogo upande wa nyuma kinachosaidia kazi hiyo ya kuondoa.

Virusi vya matumbwitumbwi vikiingia mle, huua chombo cha kusikia, mara nyingi kwa sikio moja tu na kwa siku chache. Lakini chombo cha mizani chaweza kunusurika. Na hapa ndipo nilipokuwa nimekosea maisha yangu yote. Niliposema sikio limekufa, nilikuwa nazungumzia kusikia. Nusu ya pili ya sikio hilo ilikuwa hai, inafanya kazi kimyakimya, kila nilipogeuza kichwa, kwa miaka 34.

Inavyodhaniwa ni kwamba ule ugonjwa wa utotoni huacha pia uharibifu kwenye njia ya kuondolea maji. Njia haizibi siku ile. Inasinyaa polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka inafika siku endolimfu inayotengenezwa imezidi inayoondoka. Utando unavimba kama mfuko wa maji uliojazwa kupita kiasi. Dhana moja ya muda mrefu inasema utando ukipasuka, potasiamu humwagika kwenye maji ya nje na kuzilevya neva za mizani. Ubongo unapokea habari kwamba kichwa kinazunguka, ilhali macho na miguu vinasema tumetulia. Kisunzi ni ugomvi huo. Baadaye mpasuko unajiziba, chumvi zinarudi mahali pake, na mtu anaamka mzima mpaka siku nyingine.

Ugonjwa huu kwa lugha ya kitabibu huitwa haidropsi (yaani kujaa maji) ya endolimfu iliyochelewa. Neno hilo "iliyochelewa" lilinikaa sana moyoni. Pengo kati ya uziwi na kisunzi laweza kuwa mwaka mmoja, laweza kuwa miongo kadhaa.

Nilirudi kwenye foleni ya dirisha la malipo nikiwa nalia, kwa nafuu. Kitu kilikuwa na jina.

Kwenye foleni ile ile, miezi michache baadaye, nilikaa karibu na baba mmoja, dereva wa lori aliyestaafu. Tulikaa vibaya, kwa sababu mimi nilimtaka awe kushoto kwangu na yeye alinitaka niwe kulia kwake, tukainuka kwa pamoja kubadilishana viti, ndipo tukagundua tunasumbuliwa na kitu kinachofanana. Yeye sikio la kushoto lilikufa utotoni kwa homa ya uti wa mgongo. Sasa ni lile la kulia, lile zima, lililoanza kuvuma kama jenereta, kuziba, na kushuka: siku hii anasikia, siku ile hasikii, halafu linarudi nusu. Kisunzi kwake kilikuwa hapa na pale. Kilichomtisha ni ukimya. "Mama, hili ndilo nililobaki nalo," aliniambia, akiligusa.

Kwa hiyo ugonjwa huu hauna sura moja. Kwangu umerudi kwenye sikio lile lile lililoumia: kisunzi kikali, lakini kusikia hakuna cha kupotea. Kwa yule baba umehamia upande wa pili, sikio zima ndilo linalovimba, na kusikia kunapanda na kushuka. Wapo wachache ambao pande zote mbili huhusika. Ya upande wa pili ndiyo inayowapa wataalamu kazi kubwa ya kufikiri. Wako wanaodhani virusi viligusa masikio yote mawili utotoni, moja likafa hapo hapo na jingine likajeruhiwa kwa siri. Wako wanaodhani kinga ya mwili, baada ya kuzoeshwa kushambulia mabaki ya sikio lililoharibika, hugeukia lile zima, mfano wa kile kinachojulikana kwenye macho, ambapo jicho moja likichomwa na kitu, la pili laweza kuvimba baadaye. Mimi si daktari wa kuamua. Ila nikimkumbuka yule baba anavyoligusa sikio lake, naona dhana hizi zote mbili ni nzito kubeba.

Historia ya kulitambua jambo hili imenifariji kuliko nilivyotarajia. Zamani Ulaya, mtu akipatwa na kisunzi cha namna hii walisema damu imejaa kichwani, ni ugonjwa wa ubongo, wakamtoa damu kwa kisu au kwa ruba. Mwaka 1861 Prosper Ménière, daktari wa taasisi ya viziwi mjini Paris, alisimama akasema hapana, hiki kinatoka sikioni. Alikuwa amekaa miaka mingi na watu wasiosikia, akawaona wale ambao kisunzi na uziwi vilikwenda pamoja. Aliegemea pia majaribio ya Mfaransa mwenzake, Pierre Flourens, aliyekata mifereji ya masikio ya njiwa akawaona wakizunguka wasijue wanakokwenda. Ménière alifariki mwaka uliofuata, 1862, kabla wengi hawajamkubali. Ilipita miaka 77 hadi 1938 ndipo Charles Hallpike na Hugh Cairns wa London, na mwaka huo huo Yamakawa wa Osaka, walipotazama mifupa ya masikio ya wagonjwa waliofariki na kuona ule utando umevimba.

Kisha watu wa aina yangu. Mwaka 1975 madaktari wa Marekani, mmoja wao Joseph Nadol wa Boston, waliandika kuhusu wagonjwa walioziwika ghafla halafu kisunzi kikaja baada ya miaka. Mwaka 1978 Harold Schuknecht, naye wa Boston, akalipa jambo hili jina linalotumika mpaka leo. Schuknecht alikuwa mtu wa mifupa: alikusanya na kukata mifupa ya masikio ya marehemu waliokubali itumike, akaitazama kwa hadubini, kipande kwa kipande. Mwaka 1990 yeye na wenzake walionyesha kwamba masikio yaliyokufa ya watu waliopata haidropsi upande wa pili yalikuwa na alama zinazofanana na zile za matumbwitumbwi na surua. Nikisoma hayo nafikiria wale watu waliotoa mifupa yao. Hakuna hata mmoja aliyefaidika, lakini jibu nililopewa Dar limepita kwao.

Ninachokiona, tangu Paris mpaka zahanati yetu, ni kosa lile lile: kisunzi kinatafutiwa sababu kila mahali isipokuwa sikioni. Kule walisema ubongo, huku tunasema malaria, presha, mawazo, pepo. Siwalaumu waliosema hivyo. Malaria ipo na presha ipo. Nalaumu kutouliza swali moja linalochukua sekunde 10: masikio yako yanasikia sawasawa, na kama hayasikii sawa, tangu lini?

Vipimo vilikuwa vitatu. Cha kwanza ni kile cha kuvaa vidude masikioni ndani ya chumba kisichopitisha sauti, ukibonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Grafu ya kulia ilikuwa imeanguka chini kabisa. Ya kushoto ilikuwa nzuri. Niliishika karatasi ile kama cheti. Cha pili kilikuwa picha ya MRI, kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva ya sikio, maana uvimbe huo nao huleta uziwi wa upande mmoja na kuyumba. Ilinibidi niuze friji. Hakukuwa na uvimbe.

Cha tatu sitakisahau. Walinilaza, wakanivalisha miwani yenye kamera, wakaingiza maji baridi sikioni, kisha baada ya kupumzika, maji ya moto kidogo. Kipimo hiki msingi wake ni Robert Bárány, daktari wa Vienna, aliyeona kwamba wagonjwa aliowasafisha masikio kwa maji walipata kisunzi na macho yao yakachezacheza, na kwamba macho yalicheza upande mmoja kwa maji baridi na upande wa pili kwa maji ya moto. Alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zilimkuta akiwa mfungwa wa vita Urusi. Maji ya sikio la kushoto yalinizungusha barabara. Yalipoingia kulia nilisubiri. Nikahesabu moyoni. Kisha dari likaanza kusogea, taratibu, kama meli inayoacha gati.

"Linajibu," alisema fundi wa kipimo. "Kwa udhaifu, lakini linajibu."

Sikio nililolizika nikiwa darasa la kwanza. Linajibu.

Matibabu yalianza kwa upole. Nipunguze chumvi: nikaacha ng'onda, nikaacha achari, nikaacha kutia chumvi mezani, na kwa mtu wa Tanga ng'onda si kitu cha kuacha kirahisi. Nikapewa vidonge vya betahistini. Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu watu hutumia fedha nyingi. Ushahidi wa kupunguza chumvi si mzito, ingawa madaktari wengi hushauri. Kuhusu betahistini, utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2016 uliwafuata wagonjwa 221 wa ugonjwa wa Ménière, kisunzi cha sikio kinachofanana na changu, kwa miezi 9, na haukuona tofauti kati ya waliopewa dawa na waliopewa vidonge visivyo na kitu. Mashambulizi yalipungua kwa wote. Mimi yalipungua kidogo, kisha Novemba 2022 yakaja matatu ndani ya wiki moja. La mwisho lilinikuta nikivuka barabara. Mpita njia alinivuta kwa ushungi.

Ndipo daktari akaniwekea mezani habari ya jentamaisini. Dawa hii wengi wenu mnaijua kama sindano ya vichanga wenye maambukizi. Inajulikana pia kwa madhara yake kwenye masikio, na huharibu zaidi chombo cha mizani kuliko cha kusikia. Ubaya huo ndio unaotumiwa: inachomwa kupitia kiwambo cha sikio, inaingia ndani, inazima chembe za mizani zinazopiga kelele. Hatari yake kubwa ni kupoteza kusikia kwa sikio hilo. "Na wewe," alisema daktari, "upande huo huna cha kupoteza." Yule baba dereva hakuwa na njia hiyo. Kwake kila dawa inayoingia sikioni inapimwa mara mbili, kwani ndilo sikio pekee. Walimpa dawa za kutuliza uvimbe, za stiroidi.

Wanangu darasani nimewaambia mara ngapi "sikio la kufa halisikii dawa", nikiwa nimeshika fimbo ya kuelekezea ubaoni. Februari 2023 nililala kwa upande wa kushoto, sikio langu la kufa limeelekea juu, likapewa dawa.

Kwanza ganzi. Kisha mchomo, na joto linalosambaa ndani kwa ndani mpaka taya. Niliambiwa nisimeze mate wala nisizungumze kwa nusu saa, dawa isije ikateremka kooni. Tone moja lilipita hata hivyo; uchungu wake ulikaa ulimini mpaka jioni. Sindano ya pili ilikuwa baada ya wiki 4.

Wiki ya pili baada ya sindano ya kwanza nilidhani nimeharibiwa. Ardhi ilikuwa godoro. Nikigeuza kichwa, ulimwengu ulinifuata kwa kuchelewa. Nikitembea, herufi za mabango zilirukaruka. Gizani sikuweza kabisa. Usiku umeme ulipokatika nilikaa nilipokuwa nimesimama, nikasubiri. Sikuwa nimeambiwa vya kutosha juu ya wiki hizo, na wewe ukifika hapo omba uambiwe. Upande mmoja umezimwa, na ubongo unahitaji muda ujifunze kutembea na mmoja.

Kujifunza huko kuna mazoezi. Unanyoosha mkono, unakaza macho kwenye ukucha wa gumba, unatikisa kichwa kulia na kushoto bila macho kuondoka pale. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Kinachochosha si misuli, ni kichefuchefu. Mama alikuja kukaa nami. Alfajiri tulikwenda Raskazone, nikitembea kando ya bahari nimemshika bega, macho nimeyaweka kule maji yanapokutana na mbingu. Wiki ya kwanza tulifika mti wa kwanza. Wiki ya sita nilimwachia bega, naye akajifanya hajaona.

Tangu hapo sijaanguka. Nikichoka sana au gizani nayumba, na ngazi nashuka kwa kushika ukuta. Uziwi uko pale pale, na mvumo wa sikio la kulia, kama sauti ya jiko la mchina linalowaka chumba cha pili, haujaondoka. Nimeuzoea.

Jambo moja la mwisho linanisumbua zaidi ya mwili wangu. Mwaka 1963 binti wa miaka 5 wa Maurice Hilleman, mwanasayansi wa Marekani, aliamka usiku ana matumbwitumbwi. Baba yake akachukua sampuli kooni mwake, akafuga virusi vile maabara, na kufikia 1967 kulikuwa na chanjo iliyosajiliwa. Virusi vile bado vinaitwa kwa jina la mtoto yule, Jeryl Lynn. Hiyo ni miaka 20 kabla ya mashavu yangu kupakwa masizi. Tanzania iliingiza chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014, na Kenya ikafuata 2016. Ni hatua kubwa, nami niliwapeleka watoto wa ndugu zangu kwa mikono yangu. Matumbwitumbwi hayamo. Najua serikali hupanga kwa kutazama kinachoua, na matumbwitumbwi hayaui mara nyingi. Japani nayo haiitoi kama chanjo ya kawaida ya kila mtoto, na madaktari wake wa masikio walipohesabu walipata zaidi ya watu 300 waliopoteza kusikia kwa ugonjwa huo katika miaka miwili tu, 2015 na 2016. Japani walau haidropsi iliyochelewa imo kwenye orodha ya magonjwa magumu ambayo serikali husaidia gharama zake. Sisi hatuhesabu. Mtoto asiyesikia saa upande mmoja haendi hospitali, na hata mimi sikupelekwa.

Kwa hiyo kama mwanao amepata matumbwitumbwi, surua au homa ya uti wa mgongo, mwekee simu sikio moja, kisha la pili. Saa za kutia ufunguo hazipo tena, simu inatosha. Andika mwaka kwenye kadi yake ya kliniki. Mama yangu alikuwa hai kunijibu. Si kila mtu wa miaka 41 ana wa kumpigia.

Kila baada ya miezi 6 narudi kwenye kile chumba kisichopitisha sauti, kwa ajili ya sikio la kushoto. Mlango unafungwa, ninashika kitufe, nafumba macho. Milio inaanza mikubwa halafu inapungua, inapungua, mpaka inakuwa kama mtu anayepumua mbali. Pale mwisho ndipo ninapobana pumzi, sijui kama nimesikia au nimetamani kusikia. Mara ya mwisho, mwezi uliopita, fundi alinionyesha grafu kupitia kioo kabla sijatoka. Mstari wa kushoto uko juu, pale pale ulipokuwa 2021.

Nikampigia Mama. Aliniuliza nimeshika simu sikio gani.